Maziwa Yanayokaribia ya Mama

Juzi, katika duka moja la mtaa wa Mfaranyaki ambalo tangu biashara huria ianze limejaa makopo ya maziwa ya kila nchi, nilimkuta bibi mmoja na mjukuu mgongoni. Mama wa mtoto, binti wa bibi huyo, alifariki mwezi uliopita, na maziwa yote aliyopewa mtoto huyo aliyatapika.

Mwalimu wa sayansi kimu, mgeni kutoka Dodoma, alimwamkia bibi, kisha akamwambia kwao mtoto kama huyo hupewa maziwa ya punda.

"Ya punda!" Bibi aliziba mdomo kwa kiganja, akicheka.

"Ni mepesi, bibi. Mafuta kidogo, protini kidogo, utamu mwingi. Yanakaribia sana ya mama."

Bibi akaacha kucheka. "Yanakaribia kiasi gani, mwanangu?"

Mwalimu aligeuza kopo moja, akaanza kusoma maandishi ya ubavuni.

"Maana mama yake huyu," bibi akasema, "mtoto akilia tu, gauni lake lilikuwa linalowa maziwa."

Siku hizi tunaambiwa soko huria litatuletea kila kitu, hata punda pengine. Bibi alichukua kopo jingine, akatoka akimwimbia mtoto kwa Kingoni, na katika wimbo huo akitaja jina la binti yake.