Kitambaa cha Mama

Juzi, kwa fundi kompyuta mjini Same, niliwakuta binti na mama yake kutoka Bombo. "Kompyuta hii niliiunda mwenyewe," binti alimwambia fundi, "lakini nikiiwasha inazimika."

Fundi aliifungua, akavuta uzi mweupe uliojisokota kwenye feni. "Feni isipozunguka, mashine inajizima."

Mama akakitazama kitambaa chake cheupe cha kufuma kilichokuwa mezani, kile anachoifunikia kompyuta kila jioni. Kilikuwa kimefumuka pembeni. "Umeiunda kwa mikono yako, mwanangu. Niiache uchi?"

Binti akakikunja taratibu. "Tutaitandikia chini, mama."

Tuliokuwa kwenye foleni tulicheka, mimi nikiongoza. Nikarudi nyumbani, nikawasha televisheni kwa rimoti, ambayo mpaka leo haijatoka kwenye nailoni yake.