Vyura wa Darasa la Tatu

Leo nimeona vyura watatu wenye watumishi arobaini, waitu, ndugu zangu.

Mwalimu wa binti yangu hapa Kanazi aliwafanya vyura hao mradi wa kujitegemea wa darasa. Kuku wanasumbua, alisema, kumfuga chura si kazi.

Si kazi yake. Chura hula nzi walio hai tu, basi muhula mzima watoto wote arobaini wanawinda nzi chooni, mwalimu anasinzia.

Leo kaja mkaguzi, wazazi tukaitwa. Akampa binti yangu kitabu asome.

Akakigeuzageuza, akamrudishia.

"Sasa unajua nini, mama?" mkaguzi akamuuliza.

"Kukamata nzi, bwana."

Nikasema mwalimu kaumbuka. Thubutu. Mkaguzi kaandika: elimu ya vitendo, safi sana, shule zote ziige.

Ndugu zangu wa shule ya Kahororo, vyoo vyenu vina nzi wa kutosha?