Ukoo wa Managu

Kazi yangu ni kutambua mimea iliyokaushwa. Kwa miaka mingi nimeketi katikati ya jiji mbele ya lenzi, nikihesabu petali na stameni ili kila tawi lililobandikwa kwenye karatasi liwekwe katika ukoo wake.

Jumamosi moja, katika bustani yake ndogo huko Kabiria, mama aliniuliza kazi hiyo hufanywaje. Nilichuma ua la managu, mboga tuliyoizoea mezani, nikamwonyesha petali tano zilizoungana chini na stameni tano za manjano zilizobanana katikati. Kisha nikapasua ua refu jeupe la mnanaha, gugu lililojiotea kando ya seng'enge: tano tena, zimeungana vilevile.

"Kumbe hawa ni ndugu?"

"Ukoo mmoja, mama."

Akacheka. "Na vile nimekuwa nikiing'oa! Kumbe nafukuza watu wetu."

Nami nikacheka. Nilipaswa kuongeza kwamba mnanaha ni sumu. Sikuongeza, kwani nilidhani mwanamke aliyekulia magharibi mwa nchi, akatulea kwa mboga za kuchuma, hahitaji kuambiwa.

Kiangazi kilipopunguza managu, alijaza sufuria kwa majani machanga ya mnanaha. Jirani alinipigia simu. Nilimkuta hospitalini, midomo imekauka, mboni zimetanuka, vidole vikichambua juu ya shuka mboga zisizokuwepo.

"Mama, ulikula nini?"

"Managu."

"Na nini tena?"

"Na ile ndugu yake." Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Si wewe ulisema ni ukoo mmoja? Kwetu mtu wa ukoo anakuwekea sumu?"

Nilimtajia daktari jina la mmea, ukoo wake, hata umbo la tunda lake lenye miiba. Nilizungumza kwa ufasaha wa kazini, na nikajichukia kwa ufasaha huo.

Siku ya tatu akili ilimrudia. Tangu hapo, kila nilipomtembelea, alinipokea mlangoni na jani mkononi. "Hii je?" Mara nyingi lilikuwa terere, mboga aliyonifundisha yeye mwenyewe kabla sijajua kusoma. Nilimwambia ni salama. Aliligeuza, akanitazama kwa muda, kisha akalitupa.

Jumamosi iliyopita hakuwa na jani. Alikuwa akikatakata kabichi ya dukani. Nilipochungulia nyuma ya nyumba, bustani yote ilikuwa imelimwa, udongo mtupu hadi kwenye seng'enge.

"Nimeng'oa zote," alisema, bila kuinua kichwa. "Sitaki kuchagua tena."