Koo la Chifumi

Wako watu wanaokula kwa jasho la mikono yao. Chifumi Eguchi alikula kwa koo. Basi la watalii lilipopanda vilima vya mji wa Beppu kwenda kwenye vidimbwi vya maji yachemkayo, yeye alisimama mbele, kofia kichwani na glavu nyeupe mikononi, akasimulia kila kidimbwi kwa mashairi, kisha akaimba. Hata waliokuwa wamelewa pombe ya sake tangu asubuhi waliamka wakapiga makofi.

Lakini koo hilohilo lilikuwa na kisirani. Tangu usichana wake mafindofindo yalimvimba kila mvua za Juni zilipoanza na kila baridi ilipokaza, akawa akimeza mate ni kama anameza kokoto. Mama yake alimfunga shingoni kitambaa chenye kitunguu cha majani kilichochomwa. Mwenyewe alisukutua maji ya chumvi, akatupia vidonge vya homa, akapanda basi.

Kila mwaka kampuni iliwapima wafanyakazi wote, na kila mwaka Chifumi aliambiwa kuna damu kidogo kwenye mkojo wake, akamwone daktari. Hakwenda. Damu yenyewe haionekani kwa macho, hasikii maumivu, na msimu wa maua ya cheri umekaribia, mabasi yamejaa. Alijisemea ni siku zake tu zilizochelewa kwisha, na kwa kuwa hakuna aliyembishia, akaamini.

Februari moja, akiwa amepita thelathini, mafindofindo yalimvimba vibaya kuliko wakati wowote. Alikwenda kazini na homa yake. Wageni walipokuwa wakipiga picha, alikimbilia choo, na alipotazama chini moyo ukamlipuka. Mkojo ulikuwa mweusi, kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Alirudi ndani ya basi. Dereva wake, mzee Hirowatari, alikuwa mtu wa utani usiokauka.

"Vipi, dada? Mbona umepauka kama tofu?"

"Koo tu, mzee."

"Koo lako hilo litakuja kutuzika sote. Lete maiki niimbe mimi, wageni washuke wenyewe."

Chifumi hakucheka. Hirowatari akamtazama kwenye kioo. "Wewe. Kuna nini?"

Si jambo la kumwambia mwanamume, tena wa rika la baba yake, lakini hofu haina haya. Akamnong'oneza. Mzee hakutania tena. "Tukisharudisha basi, nakupeleka hospitali mwenyewe," akasema. "Na usinibishie."

Hospitalini walimpima damu, wakampima mkojo, na baadaye wakamlaza na kuchukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano. Majibu alipewa na Daktari Sonoda, mama mfupi aliyesema haraka lakini hakuficha neno.

"Mafigo yako yana makovu, Bi Eguchi. Bado si mengi. Koo linapoumwa, mwili unatengeneza askari wa kupigana na ugonjwa. Askari wako wengine wana kasoro. Vita vikiisha hawarudi kambini; wanashuka na damu, wanakwama kwenye vichujio vya figo, wanafanya fujo huko."

"Kila nilipougua koo?"

"Kila ulipougua. Na hata ulipojiona mzima, maana mafindofindo yako hayajawahi kupona sawasawa. Ni moto chini ya majivu."

"Sasa dawa yake?"

"Kwako wewe ningekata mafindofindo, kisha nikupe dawa kali za kutuliza hao askari. Sikudanganyi, si kila mgonjwa anafaidika, na wako madaktari wenzangu wanaobisha. Ila umekuja nyumba ikiwa bado imesimama."

Chifumi alijishika shingo. "Na sauti?"

"Inaweza kubadilika kidogo. Siwezi kukuahidi."

"Nitafikiri," akasema Chifumi, na katika midomo yake neno hilo lilikuwa na maana ya hapana.

Maua ya cheri yalichanua yakapukutika, naye bado anafikiri. Ndipo Hirowatari akamwambia, siku ambayo wote wawili hawakuwa kazini, "Twende tukamchukue mke wangu." Kazini walidhani mzee yule huwahi kuondoka ili akacheze kamari. Kumbe mara tatu kwa wiki alikuwa akimfuata mkewe, Sawae, kwenye mashine ya kusafisha damu, na hakuwahi kumwambia mtu.

Sawae alitoka chumba cha mashine amechoka, mkono una plasta, lakini macho yanacheka. "Ndiye wewe mwimbaji? Huyu mzee anakuigiza bafuni mpaka majirani wanafunga madirisha."

"Anaimbaje, mama?"

"Kama mbuzi aliyekanyagwa."

Walicheka. Kisha Sawae akamshika mkono. "Nilipokuwa shule walinipima mkojo wakaona kasoro. Baba akasema mtoto huyu ana nguvu kama ng'ombe, mwacheni. Koo langu nalo lilikuwa linavimba. Sijui kama ndilo lililoanzisha haya, sikuwahi kuuliza. Leo unajua ninachoota? Maji, maana sasa nanywa ya kupimiwa. Glasi imejaa pomoni, nainywa yote na hakuna wa kuninyang'anya. Sauti ninayo, mwanangu, nzima kabisa. Naitumia kumgombeza huyu."

Hirowatari aligeukia dirishani. Chifumi alitaka kucheka tena, machozi yakamtangulia. Kesho yake alimpigia simu Daktari Sonoda.

Alikatwa mafindofindo mvua za Juni zilipoanza. Alikaa siku nyingi bila kusema, akila uji wa wali uliopoa. Kisha zikaja dawa kali, uso ukamvimba ukawa mviringo, akafunika kioo cha chumbani kwa taulo. Mama yake alimpikia supu ya miso iliyopunguzwa chumvi mpaka ikakosa ladha. Mama mwenyewe aliionja akakunja uso. "Hii ni supu au maji ya kusuuzia bakuli?" Lakini alijipakulia hiyohiyo, akaketi mbele ya bintiye, wakanywa pamoja kila asubuhi.

Vuli ilipofika akarudi kwenye basi. Sauti ilikuwapo, nzito kidogo. Alisimulia vizuri, akaanza wimbo wake wa siku zote, lakini alipofika pale unapopanda juu, sauti ikakataa. Ikabaki pumzi tupu. Hirowatari alikaza macho barabarani.

Chifumi alimeza mate. Hayakuuma hata kidogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuligundua hilo. Akawainamia wageni, akasema, "Samahani, wazee wangu, mlima huu umenishinda. Nani atanisaidia kuupanda?"

Bibi mmoja wa kiti cha nyuma akaudaka wimbo kwa sauti kavu, mwingine akafuata, mara basi zima linaimba, wengine nje kabisa ya tuni. Kuanzia siku hiyo sehemu ile akawaachia wageni, na ndiyo waliyoisimulia walipofika kwao.

Mwaka uliofuata koo halikuvimba hata mara moja. Damu ilipungua kwenye mkojo, kisha ikatoweka. Protini inayovuja kwenye makovu ya figo ilibaki, chembe tu, na Daktari Sonoda alikataa katakata kumwambia amepona. "Umetulia," alisema. "Sema umetulia, na uendelee kuja." Mwanzoni neno hilo lilimuudhi Chifumi. Baadaye alilizoea. Alipunguza chumvi, akaenda kupimwa kila alipoitwa, na makovu yaliyokuwapo aliishi nayo.

Siku hizi anafundisha waongozaji wapya. Anawafundisha kuinama, kushika maiki, kuhesabu wageni bila kuwanyooshea kidole. Msichana mmoja alifika darasani shingo imefungwa kitambaa, sauti imekauka.

"Umekojoa rangi gani leo?" Chifumi akamuuliza mbele ya wote.

Wasichana walipasuka kwa kicheko. Wamempa jina la Mama Mkojo, wanalitaja akiwa amegeuka, naye anasikia.

"Chekeni," akasema, huku akimvalisha yule msichana koti na kumshika mkono. "Wewe, twende zetu hospitali. Usinibishie."