Maziwa Kwenye Nyufa

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na ngozi kavu, na kabla hajajua kukaa, ukurutu ulikuwa umemshika mashavuni, kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Alijikuna hadi damu. Mama yangu akasema, "Mpake maziwa. Maziwa yameshindwa na nini?" Sisi ni wafugaji wa huku Garsen, nani angembishia?

Basi kila asubuhi nilitoka zizini na povu la maziwa vidoleni, nikampaka penye nyufa. Mke wangu alitaka tumwache anyonye tu, tusimpake kitu. Nikamfokea kwamba hajui kitu. Nilikuwa mjinga mwenye sauti kubwa.

Siku tuliyomwonjesha kijiko cha kwanza cha maziwa ya ng'ombe, midomo ilivimba mbele ya macho yetu, vipele vikamtanda mwili mzima, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Njia nzima ya kwenda hospitali, nyuma ya bodaboda, nilimkumbatia nikimwomba Mungu achukue ng'ombe wote aniachie huyu. Wote, hata wenye mimba.

Alichomwa sindano pajani, pumzi ikarudi. Daktari alinieleza polepole: "Baba, ngozi ni ukuta, na ya huyu ina nyufa. Chakula kikipitia mdomoni, mara nyingi mwili hukizoea. Kikipenya kwenye ngozi iliyopasuka, mwili unaweza kukiona adui." Nikamuuliza kama ni mimi niliyemwingiza huyo adui. Akasema hakuna awezaye kujua, wengine huwa hivyo hata bila kupakwa. Akanipa mafuta mazito yasiyo na manukato, ya kumpaka kila akitoka kuoga. Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja mjukuu.

Sasa ana miaka mitatu. Ngozi imetulia kiasi, lakini tone la maziwa likimgusa anavimba. Nami nakamua kila siku, sina kazi nyingine. Kila alipokuwa akinikimbilia nikitoka zizini, nilimpigia kelele: "Usinishike!" Mimi nikiogopa hufoka, ndivyo nilivyo.

Juzi nilinawa kwa sabuni mara tatu, nikabadilisha shati, nikachuchumaa mlangoni na kumfungulia mikono. Alisimama mbali, mikono yake ameificha mgongoni.

"Nimenawa, mwanangu," nikamwambia.

Akarudi nyuma hatua moja.