Nimemficha binti yangu jibu la matibabu ya jeni

Admin, naomba unifichie jina, watu wa kanisa letu wako hapa. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja. Kwetu ni Kakamega lakini nimeishi Kiplombe, hapa Eldoret, tangu niolewe. Napika kwa shule moja ya msingi. Naandika nikiwa nimechoka, mnisamehe nikizunguka.

Nilizaa watoto wawili, wote wakiwa na sickle cell, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wa kwanza, kijana, alituacha akiwa na miaka sita. Matanga hata hayajaisha, baba yao akaniambia mbele ya dada zake, "Kwetu hakuna huu ugonjwa. Umeuleta wewe." Baadaye daktari alitupima sisi wawili, akatueleza polepole kwamba jeni ni kama maagizo ambayo mwili unafuata kutengeneza damu, na kila mmoja wetu amebeba nakala moja yenye kosa. Mtoto akirithi ile ya mama na ile ya baba, ndio anaugua. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake akatoka. Mwaka huo akaoa mwingine. Hapigi simu. Nilizoea.

Aliyebaki ni msichana, nitamwita Neema. Ana miaka kumi na saba, yuko form three. Baridi ya July ikiingia anashikwa na maumivu ya mifupa mpaka analia kama mtoto mchanga. Manesi wa wodi wananijua kwa jina, wengine hata wananiwekea kiti.

Mwaka jana daktari wa kliniki alituita. Akasema kuna hospitali ng'ambo wanafanya utafiti wa matibabu ya jeni, wanatafuta vijana kama Neema, na gharama yote ni yao. "Watatoa seli za uboho wake," alisema, "wazirekebishe kwa maabara, waamshe ile jeni ya damu aliyokuwa nayo akiwa tumboni. Hiyo damu haijikunji kama mundu. Kisha wanamrudishia seli zake mwenyewe."

Neema akauliza, "Kwa hivyo nitapona?"

"Kuna waliokaa miaka bila maumivu. Lakini siwezi kukuahidi."

Neema alisikia ile sentensi ya kwanza peke yake. Nikasaini apimwe kwanza, damu ikatolewa, ikatumwa. Akaanza kusoma biology kama Biblia. Tukichambua mboga ananifundisha. "Mum, hawanibadilishi mimi wote, ni seli za damu tu. Hata watoto wangu hawatarithi hayo marekebisho. Bwana atakayenioa itabidi apimwe kwanza." Anacheka. Mimi nacheka naye.

Wiki tatu zilizopita jibu lilikuja kwa email yangu, kwa sababu mimi ndiye mzazi. Nilikuwa kazini, githeri iko motoni. Amekubaliwa. Nikaruka mpaka mahali wameandika hatari. Kabla wamrudishie hizo seli lazima wampe dawa kali ya kumaliza uboho wa zamani. Nywele zitatoka. Atakaa wiki nyingi kwa chumba cha peke yake bila kinga, na homa ndogo inaweza kumuua. Na huenda asizae, ingawa wanaweza kumhifadhia mayai kabla ya kuanza. Nilisoma nikarudia mpaka githeri ikaungua.

Sijamwambia. Hilo ndilo kosa langu, nimelisema.

Kila jioni ananiuliza, "Mum, hao watu hawajajibu?" Nasema bado. Jumapili alikuwa kitandani, namkanda magoti na kitambaa cha maji moto, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wakinikataa nitaelewa. Lakini ukweli, Mum, nimechoka kuwa mgonjwa." Nikamjibu, "Tuombe Mungu." Niliona aibu kumtaja Mungu na uongo uko mdomoni.

Jana daktari alipiga simu. "Mama Neema, wanataka jibu Ijumaa. Neema anasemaje?"

"Bado tunafikiria, daktari."

Tunafikiria! Neema alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza ni nani, nikasema ni mtu wa chama chetu cha akina mama.

Najua mtaniambia ni mwili wake. Najua. Lakini nikifungua mdomo atasema ndiyo kabla sijamaliza, na wa kusaini ni mimi. Kaka yake alikufa nikiwa nimemshika. Huyu akifia huko, nyuma ya kioo, kwa chumba ambacho siruhusiwi kuingia, nitarudi Kiplombe na nini? Na kuna kitu kingine sijawahi kumwambia mtu. Miaka kumi na saba kazi yangu imekuwa kusikiliza kama anapumua. Wakati mwingine naogopa hata kupona kwake, kwa sababu sijui nikitolewa hiyo kazi nitakuwa nani.

Leo ni Jumatano. Anaendelea vizuri, yuko jikoni anakata sukuma na anaimba. Nyinyi mliolea mtoto kama huyu, na nyinyi vijana mnaougua kama yeye, msinihurumie, niambieni tu: niende jikoni nimweleze sasa hivi, ama ninyamaze Ijumaa ipite?