Hamadi Alipokwenda Kuteka Maji

Mwanangu, kuna siku ya ujana wangu haijanitoka mpaka leo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, nimeolewa karibuni na Hamadi hapa Wambaa. Sifa yangu ilikuwa shingo: nilitoka kisimani na debe la maji kichwani bila kulishika, na nilijua wenzangu wananitazama.

Siku hiyo mimi na Hamadi tulikuwa tunarudi kutoka Chake Chake kwa gari la mbao, yale ya abiria ya zamani. Ng'ombe akakatiza njia, dereva akafunga breki, na lori lililotufuata likatugonga kwa nyuma. Kichwa changu kikarushwa nyuma, kikarudi mbele. Sikutoka damu. Tukamshukuru Mungu, tukaenda zetu.

Kesho yake sikuweza kugeuza shingo. Kichwa kinagonga, mabega mazito. Niliona haya kusema naumwa na sina hata mchubuko, nikajitwika debe. Hatua chache tu likaanguka, nikalia mbele za watu.

Mkwe wangu, Bi Time, mama yake Hamadi, alinijia juu. "Maryamu, unamficha nani? Sisi si watu wako?" Jirani mmoja akataka kuikanda shingo na kuivuta mpaka ilie. Bi Time akakataa katakata. "Haguswi mpaka aonwe na daktari."

Daktari akanipima nguvu za mikono, akasema mfupa mzima, nyama za shingo ndizo zilizovutika. Nisibebe kitu kichwani, lakini nisishinde kitandani. Niigeuze polepole kila siku.

Basi Hamadi akalitia debe begani, akaenda kisimani penye wanawake. Zama zile, mwanangu, mwanamme hateki maji! Wakamcheka. "Hamadi, umeolewa?"

"Mke wangu anaumwa," akawajibu, akajaza debe lake.

Alifanya hivyo miezi mitatu. Nilikuwa nikikaa kizingitini nikimtazama anavyokuja, kanzu imelowa, nami najiona mke wa mtu kwelikweli.

Nikapona. Debe nililirudia kidogo kidogo, kwanza robo, kisha nusu.

Wewe unayepanda magari ya leo, ukigongwa usidhani umesalimika kwa kuwa hujatoka damu. Maumivu ya shingo huweza kuja kesho yake, yaseme. Mikono ikiingia ganzi au ikilegea, nenda hospitali saa ile ile. Usikubali shingo yako ivutwe ovyo, wala usikimbilie kubeba mizigo. Na mwenzio akikwambia anaumwa pasipoonekana, muamini, umpokee mzigo wake.

Mungu akuhifadhi njiani, mwanangu, na nyumba yako aijaze watu wasioona haya kukuhudumia.